Barua ya wazi kwa Mwenyekiti na Wadhamini wa jumuiya yetu: tuonyesheni hesabu za amana

Kwa:
Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi ya Wadhamini,
Jumuiya yetu ya maelewano baina ya dini,
Mombasa.

KUH: HALI YA FEDHA ZA JUMUIYA TANGU 2008 HADI SASA

Bwana Mwenyekiti, masheikh, maaskofu, wachungaji, Pandit wetu na wazee wa kaya,

Assalamu alaikum. Tumsifu Yesu Kristo. Namaste. Nawasalimu kwa mpangilio uleule tuliouzoea tangu mkutano wetu wa kwanza, na kabla sijasema lolote naomba niwashukuru kwa kazi ambayo hakuna anayewalipa, ya kuketi pamoja kila mwezi katika meza moja ambayo wapo watu mjini humu wangefurahi kuiona ikipinduliwa.

Mimi ni mmoja wa waanzilishi wa jumuiya hii. Nilikuwa mhazini wake tangu 2008 hadi mwishoni mwa 2014, nilipoiacha nafasi hiyo kwa sababu za afya, na kabla ya hapo nilikuwa karani wa benki hadi nilipostaafu. Ninayoyajua kuhusu miaka iliyofuata sikuyaokota barazani. Nimeyatoa katika muhtasari wa hesabu mliotugawia wenyewe kwenye mikutano mikuu ya 2016, 2018 na 2021, na katika majibu machache niliyopewa kila nilipouliza. Nimeiandikia ofisi yenu barua tatu. Ya kwanza ilijibiwa kwa simu, kwamba nisubiri ukaguzi. Ya pili haikujibiwa. Ya tatu ilinipatia mwaliko wa chai. Chai nilinywa, vitabu sikuonyeshwa, na nilipoinuka kuaga niliambiwa kwa upole kwamba mambo ya fedha yana wenyewe.

Wenyewe hao ndio ninaowaandikia leo, pamoja nanyi. Fedha za jumuiya hii zilitoka kwa watu wanaokaa safu za nyuma misikitini na makanisani, wauza samaki, walimu, makondakta wa matatu na wajane, ambao hawakuwahi kualikwa chai ofisini. Ningependa jambo hili liishe baina yetu, na nimengoja muda mrefu liishe hivyo. Limekataa.

Niseme mapema jambo moja ili asiwepo atakayenisoma vibaya: simtuhumu mtu yeyote wizi. Sina ushahidi wa wizi, na moyo wangu hauamini kwamba umo. Ninachodai ni kwamba jumuiya yetu imekuwa ikiugua kifedha kwa zaidi ya miaka kumi, kwamba dalili zilionekana katika karatasi zenu wenyewe, na kwamba kila dalili ilipoonekana ilifunikwa kwa kukopa fedha za amana ambazo hazikuwa zetu za kukopa.

Ili wasiokuwapo waelewe, nirudi nyuma kidogo. Tulianza wiki chache baada ya mkataba wa maridhiano wa tarehe 28 Februari 2008 uliotuliza machafuko ya baada ya uchaguzi, nchi ikiwa bado inawazika watu zaidi ya elfu moja. Hatukuwa na ofisi. Tulikuwa na daftari la mistari, sanduku la bati lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja ukikaa kwa Mwislamu na wa pili kwa Mkristo, na chumba alichotuazima mwanachama nyuma ya duka lake. Mapato yalikuwa madogo, lakini karibu yote yalikuwa fedha huru, yaani fedha ambazo mtoaji hakuzipangia kazi maalumu. Kufikia mwisho wa 2012 akiba hiyo ingeweza kutuendesha kwa miezi kumi na minne bila kupokea hata shilingi moja mpya. Nakiri kwamba ni rahisi kuwa na akiba ya miezi kumi na minne wakati matumizi yenyewe ni nauli, chai na karatasi. Hata hivyo, hatukuwa na deni, na mfadhili yeyote angeondoka asubuhi bila kuturudisha nyumbani jioni.

Kisha zikaja siku ambazo mkazi wa pwani hazisahau: mashambulizi ya Westgate mnamo Septemba 2013, Mpeketoni mnamo Juni 2014, na Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, ambako watu 148 waliuawa. Fedha za kuzuia itikadi kali zikaanza kumiminika pwani, na mashirika ambayo hayakuwahi kulisikia jina la mtaa wetu yakaanza kututafuta. Tukakodi ofisi, tukaajiri watu wanne, tukanunua gari. Mapato yetu yakapanda kuliko tulivyowahi kuota, na picha zetu zikatoka magazetini. Mwaka ambao mapato yetu yalikuwa makubwa kuliko mwaka mwingine wowote ndio mwaka tulioanza kuugua, na sababu yake si fumbo kwa mtu aliyewahi kushika daftari. Kila shilingi ya mradi ilikuja na kazi yake mkononi: hii ya warsha, hii ya vipeperushi, hii ya posho ya wakufunzi. Kodi ya ofisi, mlinzi, umeme, ukaguzi wa hesabu na matengenezo ya gari havikuwa na mwenyewe. Wahenga walisema cha kuazima hakisitiri, na neno la mwisho la methali hiyo naliacha kwa heshima ya maaskofu watakaosoma barua hii.

Sisemi kwamba tulikosea kuzipokea fedha zile. Wapo vijana ninaowajua, leo ni baba wa watoto, ambao bila warsha zile wangekuwa wameondoka wakaenda wasikojulikana. Kosa lilikuwa kujenga nyumba ya kudumu juu ya mradi wa miaka miwili, kisha mradi ulipokwisha kukataa kuihama nyumba hiyo.

Baada ya maelezo hayo, malalamiko yangu ni haya.

1. Akiba huru imeliwa, na wanachama hawakuambiwa. Kutoka miezi kumi na minne mwaka 2012, muhtasari wenu wa 2018 ulionyesha akiba isiyofika miezi mitatu, na ule wa 2021 haukufika hata wiki tatu. Nilizikokotoa hesabu hizo mwenyewe kwa kugawanya fedha huru kwa matumizi ya mwezi. Ni hesabu ya darasa la sita, na hakuna aliyeifanya mbele ya wanachama.

2. Mifuko ya amana imekopwa kulipia uendeshaji. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu, na naomba mnivumilie nikilieleza kwa kirefu.

Tuna mifuko mitatu ambayo si mali ya ofisi: mfuko wa karo ya mayatima, unaochangiwa Ijumaa na Jumapili, mfuko wa maafa, ambao waumini wa hekalu na makanisa kadhaa waliuchangia kwa ajili ya moto na mafuriko, na fedha za zaka ambazo baadhi ya wanachama Waislamu hutukabidhi kila Ramadhani ili tuzifikishe kwa fukara tunaowafahamu mitaani. Katika muhtasari wa 2021, chini kabisa ya ukurasa wa mwisho, kuna mstari mmoja wenye maneno "madeni baina ya mifuko". Watu wengi waliupita mstari huo wakikimbilia chakula. Kwa lugha ya kawaida, maana yake ni kwamba fedha za mayatima, za waliounguliwa na za fukara zimelipa kodi ya ofisi na mishahara, na ofisi imejiandikia kwamba itazirudisha.

Itazirudisha kwa fedha zipi? Ofisi haina kipato chake. Haiwezi kuulipa mfuko wa karo ila kwa kupata ruzuku mpya, na ruzuku mpya nayo itakuja na kazi yake, kwa hiyo haiwezi kulipa deni hilo bila kuvunja masharti ya mfadhili mwingine. Deni la aina hii halilipiki, na kuliandika kama deni ni kujidanganya kwa wino.

Kuhusu zaka, najua jibu lililotolewa faraghani, kwa sababu lilinijia mimi mwenyewe. Niliambiwa kwamba Qurani, katika Sura At-Tawba aya ya 60, imetaja makundi manane ya wanaostahiki zaka, na kwamba mmojawapo ni wale wanaoitumikia; basi watumishi wa ofisi yetu ni miongoni mwao. Mimi ni Mwanglikana na sina haki ya kuifasiri aya hiyo. Lakini naweza kuuliza swali la karani: je, suala hilo lilipelekwa kwa masheikh walio katika bodi hii, likajadiliwa, uamuzi wao ukaandikwa? Nimewauliza wawili kati yao. Hawakuwahi kuulizwa. Na hata kama wangeruhusu sehemu kwa mtu anayezunguka mitaani kuigawa zaka yenyewe, sijaona ni katika kundi lipi kati ya yale manane inapoingia kodi ya jengo.

Hapa napaswa kujitaja. Mlango huu niliufungua mimi. Mnamo 2013 ruzuku yetu ya kwanza kubwa ilichelewa, mwenye nyumba akatupa siku tatu, nami nilitia sahihi vocha ya kukopa kutoka mfuko wa karo kwa wiki mbili. Fedha zilirudi siku ya kumi na moja, na niliona fahari kwamba nimeiokoa ofisi. Sikumwambia mwanachama yeyote. Aliyenifuata alikuta njia imekwishafyekwa. Kwa hiyo ninapowauliza ninyi najiuliza na mimi, na jibu langu nimelitoa hapa hadharani.

3. Suala la riba limefichwa. Wazee watakumbuka mjadala wetu wa 2012, uliochukua mikutano miwili, kuhusu mahali pa kuweka akiba. Waislamu walikataa akaunti ya muda maalumu inayozaa riba, sisi Wakristo tukaona ni hasara kuziacha fedha zikiliwa na makato ya benki, na mwishowe tukakubaliana kwamba zikae katika akaunti isiyo na riba, hasara tutaibeba pamoja. Nilijivunia uamuzi ule kuliko warsha zote tulizofanya baadaye, kwa sababu mtu mmoja aligharamika kwa ajili ya dhamiri ya mwenzake. Muhtasari wa 2018 una mstari wa "mapato mengineyo". Nilipouliza ni yapi, niliambiwa ni faida ya akaunti ya muda maalumu. Uamuzi wa 2012 ulibatilishwa na nani, lini, katika mkutano upi? Na kwa kuwa fedha hizo za "mapato mengineyo" ziliingia katika kapu moja na gharama za shughuli, ina maana kwamba futari tuliyowaandalia majirani zetu Waislamu mwaka ule huenda ilinunuliwa kwa riba. Riba ya benki hainikoseshi mimi usingizi. Futari ile inanikosesha.

4. Gharama za ofisi hazikupangiwa chanzo, ingawa nafasi zilikuwepo. Wafadhili si wote wakaidi. Kanuni za serikali ya Marekani, kwa mfano, kwa miaka mingi ziliruhusu shirika lisilo na kiwango maalumu lilichokubaliana na serikali hiyo kudai asilimia 10 juu ya gharama za moja kwa moja za mradi, kwa hesabu iliyowekwa, ili kulipia uendeshaji, na kuanzia Oktoba 2024 kiwango hicho kilipandishwa hadi asilimia 15. Sisi tulipokea fedha kama hizo kupitia shirika kubwa lililokuwa juu yetu. Je, tuliwahi kuomba sehemu yetu ya asilimia hizo, au shirika lile lilibaki nazo zote na sisi tukaenda kukopa kwa mayatima? Niliuliza, jibu lilikuwa kwamba tusiwaudhi wakubwa.

Kuna pia suala la sarafu, ambalo mtu hawezi kulaumiwa kwa kutolizuia, bali kwa kutolitazamia. Ruzuku ya dola 10,000 iliyobadilishwa Januari 2024, dola ikiwa takriban shilingi 160, ilileta shilingi milioni 1.6. Dola zilezile zikibadilishwa Agosti mwaka huohuo, kwa takriban shilingi 129, zilileta milioni 1.29. Shilingi 310,000 ziliyeyuka bila mkono wa mtu kuzigusa. Kodi yetu tunailipa kwa shilingi, mishahara kwa shilingi, na bajeti yenu ya mwaka ule ilipangwa kana kwamba shilingi ingeendelea kudhoofika daima. Wakati huohuo makato ya waajiri yaliongezeka: michango ya NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, ilipanda, na tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 ikawa juu ya mwajiri pia. Hakuna hata moja kati ya mambo haya lililotokea usiku wakati tumelala, yote yalitangazwa.

5. Makato ya wafanyakazi. Watumishi wawili wameniambia kwamba mishahara yao imekatwa na kwamba, walipoangalia, baadhi ya miezi haikuonekana kuwasilishwa. Tozo ya nyumba inapaswa kuwasilishwa kufikia siku ya tisa ya kazi baada ya mwezi kwisha, na adhabu ya kuchelewa huongezeka kila mwezi. Nitafurahi sana nikionyeshwa kwamba nimekosea hapa.

6. Tangu 2021 hakuna mkutano mkuu. Tumesajiliwa chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 108, inayotutaka tuwe na mkutano mkuu angalau mara moja kwa mwaka, tuwaalike wanachama wote na kuwatolea hesabu ya fedha zilizoingia na kutoka. Haisemi tufanye hivyo hali ikiwa nzuri.

Najua majibu yatakayotolewa, kwa kuwa mengine nimekwisha kuyasikia.

Mtasema kwamba Marekani ilisitisha misaada tarehe 20 Januari 2025, kwamba kila shirika pwani limeumia, na kwamba si haki kuwalaumu watu kwa uamuzi uliofanyika Washington. Ni kweli kwamba pigo lile lilikuwa kubwa, na najua lilitukuta tukiwa na mkataba uliobakiza miezi minane. Lakini mstari wa madeni baina ya mifuko niliusoma mwaka 2021. Mwaka huohuo Uingereza ilikuwa imeshusha misaada yake kutoka asilimia 0.7 ya pato lake la taifa hadi asilimia 0.5, na mmoja wenu alisimama mkutanoni akasema tunapaswa kujiandaa. Alipigiwa makofi, kisha tukaenda kula. Mgonjwa aliyekuwa na homa kwa miaka mingi asiseme ameuawa na mvua ya jana.

Mtasema ni korona. Hapa nitawapa haki yenu yote. Machi 2020 ibada za pamoja zilisimama, na zilipofunguliwa Julai zilikuwa za watu wasiozidi 100 kwa muda wa saa moja. Sanduku letu, ambalo chakula chake ni Ijumaa na Jumapili, lilikauka. Ninyi mlizunguka na unga na sabuni wakati wengine tumejifungia, na kama mngekuja kwa wanachama mwishoni mwa mwaka ule mkasema, "Tumekopa mfuko wa maafa kwa sababu haya ni maafa," naamini tungepiga kura ya kuwaruhusu na kuwashukuru. Hamkuja.

Mtasema hesabu hukaguliwa kila mwaka. Zilizokaguliwa ni hesabu za mradi mmoja mmoja, kwa mujibu wa mkataba wa kila mfadhili. Mkaguzi wa mradi huangalia kama fedha za mradi wake zimetumika kwa mradi wake, na hapo ndipo kazi yake inapokomea. Kila mmoja alitazama chumba chake akakikuta kimefagiwa, na hakuna aliyeombwa kutazama paa la nyumba nzima.

Mtasema mnasubiri kujipanga chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa kwa Umma, ile iliyopitishwa 2013 ikakaa kabatini miaka kumi na moja hadi ilipoanza kutumika tarehe 14 Mei 2024, na kwamba mkutano mkuu utaitishwa baada ya uamuzi wa kuhama au kubaki. Uamuzi huo ni wa wanachama. Watauamuaje bila kukutana?

Jibu la mwisho ndilo linaloniuma, maana lilitolewa na mtu ninayemheshimu mno: kwamba nikiyasema haya hadharani nitawapa maadui wa maelewano fimbo ya kutuchapia, na waumini watasema, "Mnaona? Wakikaa pamoja wanakula pamoja." Nimelitafakari kwa miezi. Lakini nimekaa pia na mama mmoja wa mtaani kwetu ambaye mjukuu wake alirudishwa nyumbani kwa karo, huku risiti ya mchango wa msikiti wake kwa mfuko wa karo nikiwa nayo mimi, kwa sahihi ya ofisi yetu. Yeye hajui lolote kuhusu maadui wa maelewano. Anajua alichanga, na anajua mtoto yuko nyumbani.

Basi ninaomba, kwa niaba yangu na ya wanachama waliokubali kuungana nami, mambo yafuatayo.

Mkutano mkuu uitishwe ndani ya siku 45 tangu tarehe ya barua hii, wanachama wote wakialikwa, nyumba za ibada zinazotuchangia zikiruhusiwa kutuma mwakilishi mmoja kila moja. Siku kumi na nne kabla ya mkutano, hesabu za kila mwaka tangu 2015 ziwekwe ofisini mahali ambapo mwanachama yeyote anaweza kuketi na kuzisoma, pamoja na taarifa za benki. Kila mfuko wa amana uwe na ukurasa wake unaosema kilichoingia, kilichotoka, kilichokopwa na tarehe ya kukopwa. Sihitaji vitabu vya kifahari. Daftari la mistari linatosha.

Zaka ilipwe kwanza, na ilipwe kwa mali tuliyonayo. Gari liuzwe. Nasikia husimama zaidi ya linavyotembea, na bima yake peke yake ni karo ya watoto kadhaa. Fedha zitakazobaki ziende mfuko wa karo, kisha mfuko wa maafa. Nikikumbuka lilivyonunuliwa na nani alililia kulipata, najua ombi hili halitapendwa, nami ni miongoni mwa waliopiga picha mbele yake.

Ofisi ihamishwe. Makanisa mawili na msikiti mmoja, kwa ufahamu wangu, vina vyumba visivyotumika siku za kazi, na mmoja wa viongozi wao ameniambia angetuazima bila kodi endapo angeombwa rasmi. Hajaombwa. Sherehe ya Februari, ya ile wiki ya maelewano baina ya dini iliyopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2010, nayo iendelee, ila bila hema la kukodi, bila fulana mpya na bila maji ya chupa. Maelewano hayakuwa haba miaka tuliyoyafanyia chini ya mwembe.

Suala la riba lirudishwe kwa masheikh wa bodi, nao watuambie fedha zilizokwisha kuingia zifanywe nini, na akiba itakayopatikana baadaye iwekwe wapi. Benki zinazofuata sharia ya Kiislamu zipo nchini tangu 2008, umri uleule wa jumuiya yetu, na sijui kwa nini hatukuwahi kubisha hodi.

Mwisho, kila mfuko wa amana uwe na akaunti yake na nambari yake ya Paybill ya kupokelea michango kwa simu, yenye watia sahihi watatu wa dini tofauti, na asiwepo mtu mwenye uwezo wa kukopa humo kwa siku moja wala kwa wiki mbili, hata mhazini mwenye nia njema. Kuhusu fedha huru za kuendesha kazi, Mombasa haihitaji mgeni wa kuifundisha. Misikiti ya Mji wa Kale imetunzwa kwa kodi za nyumba na maduka ya wakfu, na kanisa langu huishi kwa bahasha ndogo za kila Jumapili. Mwanachama mmoja aliwahi kutuahidi kodi ya chumba kimoja cha duka lake kwa miaka mitano. Mwaka ule tulikuwa na wafadhili, na ahadi yake hatukuifuatilia. Ningependa kuona jina lake katika ajenda.

Siku ya Jumatatu ya pili baada ya barua hii kuwafikia, saa nne asubuhi, nitakuja ofisini na daftari langu la 2008 hadi 2014, pamoja na ile vocha ya 2013 yenye sahihi yangu. Nimeihifadhi. Naomba hesabu zianze kukaguliwa hapo, kwa miaka yangu, kisha tuendelee na ya wengine.

Wenu katika utumishi,

Mwanachama mwanzilishi, na mhazini wa jumuiya 2008–2014
(jina na sahihi vimo katika nakala mliyokabidhiwa kwa mkono)

Nakala:
Wanachama wote
Nyumba za ibada zinazochangia mifuko ya amana
Msajili wa Vyama